Njia Yenu Si Ndiyo Ile?

Endesha baiskeli Nairobi wiki moja tu na swali hili litakufikia. Litatoka kwenye dirisha la Probox, au kwa makanga anayening'inia mlangoni, au kwa mama mwenye gari kubwa ambaye ameshusha kioo kwa sababu yako peke yako: "We! Njia yenu si ndiyo ile?" Kidole kitaonyesha kule kando ya barabara, mahali palipochorwa baiskeli nyeupe iliyoanza kufutika. Juu ya hiyo baiskeli ya kuchorwa kuna nduthi ya kweli imeegeshwa, na mwenyewe amelala juu yake akisubiri mteja.

Wakati mwingine swali huja kwa upole. Mzee mmoja kwenye jam ya Prestige aliniongelesha kama mtu anayemsemesha mtoto wa jirani: "Msichana wangu, wamewajengea njia, na bado unataka kufia huku kwetu?" Foleni ikasonga kabla sijamjibu.

Swali lenyewe ni la haki. Mimi huendesha kutoka Kawangware hadi Hurlingham siku tano kwa wiki, na siku nyingine nashuka hadi tao. Huu ni mwaka wa nne. Njia ya baiskeli ya Ngong Road naijua kabro kwa kabro, na bado mara nyingi utanipata kwenye lami, katikati ya magari. Anayeniona anafikiria moja kati ya mambo mawili: nina kiburi, au nimechoka kuishi. Niacheni nieleze hapa, ambapo hakuna mtu anayenipigia honi mgongoni.

Tuanze na njia yenyewe, maana ipo. Ngong Road ilipopanuliwa, sehemu yake kwa msaada wa Japani, ilipata kitu ambacho barabara nyingi za Nairobi hazina: nafasi pembeni ya kutembea na ya kuendesha baiskeli. Ukiingilia Dagoretti Corner saa moja na nusu asubuhi unaanza vizuri kabisa. Unapata mita mia moja hivi za raha. Kisha kuna geti.

Ugomvi wote unaanzia getini. Barabarani, gari linalotoka getini ndilo linalosubiri. Hata dereva mkorofi kuliko wote hawezi kutoka kwenye petroli stesheni na kujirusha mbele ya lori. Lakini njia ya baiskeli ikifika pale pale, inakatika. Kabro zinashuka, lami ya geti inapita, kabro zinaanza tena upande wa pili. Njia imejiondoa ili gari lipite bila kusumbuka. Dereva anayetoka macho yake yako mbali, kule kwenye lami, anatafuta nafasi ya kuingia, na pua ya gari lake tayari imekaa juu ya njia yangu. Baada ya geti la kwanza kuna petroli stesheni yenye milango miwili, kisha ghorofa, kisha supamaketi, kisha mjengo unaoingiza lori la mchanga. Kwenye kila mlango, wa kusimama ni mimi. Siku moja nilijaribu kuhesabu nimeweka mguu chini mara ngapi. Niliacha kuhesabu kabla ya kufika Adams.

Mtu asiyeendesha hudhani kusimama ni jambo dogo. Mwenye gari akisimama, akitaka kuondoka anakanyaga tu. Mimi nikisimama, mwendo wote niliotengeneza kwa mapaja umeisha, na lazima niutengeneze tena kutoka sifuri. Baada ya mageti kumi umeendesha umbali wa mara mbili, na bado uko pale pale Ngong Road, umelowa jasho, na kikao cha saa mbili kinakungoja.

Hilo la jasho ningevumilia. Lisilovumilika ni hili: katika miaka hii yote nimegongwa mara moja tu, na nilikuwa kwenye njia ya baiskeli. Gari lilitoka getini, likagusa gurudumu la mbele, nikaangukia bega. Dereva alishuka akitetemeka, kijana wa rika langu, akawa anarudia neno moja: "Sikukuona, sis. Haki ya Mungu sikukuona." Nilimwamini. Nilikaa pale chini nikimtazama na kuelewa hesabu ya barabara. Kinachoniweka hai ni kuonekana, na ile njia imeniweka mahali ambapo dereva hana sababu ya kuangalia. Kwenye lami mimi hutukanwa karibu kila siku. Lakini anayenitukana ameniona.

Sasa tuseme mageti yote yamefungwa. Bado kuna watu.

Asubuhi Ngong Road ni mto wa watu wanaotembea. Wanatoka Kawangware, Satellite na Kibera, wanaenda Kilimani, Upper Hill, tao, wengine mpaka Industrial Area. Nairobi ni mji wa watembea kwa miguu, hata kama ukiusoma kwenye matangazo ya nyumba utadhani kila mtu ana parking mbili. Watu hao wote wamepewa ukanda ule ule niliopewa mimi. Kuna fundi na begi lake la misumeno. Kuna mama fua aliyeamka saa kumi ili afike Kilimani kabla mwenye nyumba hajatoka. Kuna watoto wa shule wanaotembea watano kwa mstari mmoja wakisimuliana. Mama mboga ametandaza gunia na kupanga sukuma wiki, kwa sababu biashara hufuata miguu na miguu iko hapo. Mahali pengine kochi la watu watano limetolewa nje kusubiri mnunuzi, na ni kochi zuri, sitasema uongo.

Nikimpigia mama fua kengele mgongoni, ninamwambia kile kile ambacho mwenye Probox ananiambia mimi: nipishe, nina haraka, hapa mdogo ni wewe. Baiskeli inayokwenda kilomita ishirini kwa saa katikati ya watu wanaotembea ni gari tu lisilo na injini. Sitaki kuwa gari la mtu.

Halafu kuna nduthi. Jam ikikaza, zinapanda kabro bila kuomba ruhusa. Historia ina utani wake hapa, maana bodaboda ya kwanza ilikuwa baiskeli. Jina lilizaliwa mpakani, kule Busia, ambapo vijana waliokuwa na baiskeli zenye kiti cha nyuma walibeba abiria na mizigo kutoka forodha ya Kenya hadi ya Uganda na kurudi. Leo mjukuu mwenye injini anamfukuza babu yake njiani. Ila siwezi kuwachukia. Wao pia wamesukumwa pale na magari. Kila mtu asiye na magurudumu manne amepangiwa ule ukanda mwembamba, kisha tukaambiwa tuelewane humo. Tunagombana wenyewe kwa wenyewe kila asubuhi, na pembeni yetu leni zote nne hazijapoteza hata sentimita. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Jambo la tatu huwa silisemi kwa madereva kwa sababu halisemeki kwa haraka. Saa moja usiku, taa za barabarani zinamulika lami. Zilisimamishwa kwa ajili ya magari, na mwanga wake unaishia hapo. Kule kando kuna ua, kuna ukuta mrefu wa mawe, kuna mti ambao mtu anaweza kusimama nyuma yake. Mwanamume anayeniambia "si upite kule kando" hajawahi kuwa mwanamke kule kando. Kwenye lami makanga anaropoka, lakini yuko mlangoni mwa gari linalokwenda. Atafika Yaya kabla hajamaliza sentensi. Kule kando anayesema "msupa, si usimame tuongee" anaweza kunyoosha mkono akashika hendo. Ilishawahi kushikwa. Mama anayechoma mahindi alisimama na kupiga kelele mpaka yule mtu akaachilia. Kesho yake nilipita kwenye mwanga, na sijawahi kurudi kule kando usiku.

Ukikunja Prestige kuingia Ring Road, ukapita Yaya na kushika Argwings Kodhek Road, sasa uko Hurlingham, na swali linakuwa la ajabu zaidi. Huku ni vipande tu vya kutembelea. Kinaanza kimoja mbele ya ghorofa jipya, safi, na maua, kinaishia kwenye mtaro wa jirani. Lakini hata huku nimeulizwa njia yetu iko wapi. Mmoja alionyesha mtaro. Nadhani hakuwa ameuangalia.

Barabara hii zamani iliitwa Hurlingham Road. C.M.G. Argwings-Kodhek alikuwa Mwafrika wa kwanza Kenya kuwa wakili, mtu aliyesimama kortini miaka ya hamsini kuwatetea washukiwa wa Mau Mau wakati ambapo kufanya hivyo kulikuwa ni kujitafutia maadui. Januari 1969, akiwa waziri, alikufa kwenye barabara hii. Iliyotangazwa ni ajali ya gari, na wapo ambao hawajaamini mpaka leo. Barabara ikapewa jina lake. Ofisi, kliniki na maduka yote ya hapa yana anwani iliyobeba jina la mtu aliyefia barabarani, na sisi hulitaja kwenye simu tukiagiza chakula. Yeye walau alipata barabara. Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka, na kundi kubwa kuliko yote ni wale waliokuwa wakitembea kwa miguu. Hatuna barabara za kutosha kuwapa majina.

Wasee wengi mtandaoni hudhani ubishi huu uliletwa na vijana wenye helmeti za bei ghali. Una umri kuliko nyanya yangu. Desemba 1934, waziri wa uchukuzi wa Uingereza, Leslie Hore-Belisha, alifungua njia ya kwanza ya baiskeli ya nchi hiyo, kilomita nne hivi kando ya Western Avenue, London. Ungetarajia waendesha baiskeli washangilie. Chama chao kikubwa, Cyclists' Touring Club, kilipinga. Wakati huo Uingereza ilikuwa na baiskeli nyingi kuliko magari, na wenye baiskeli waliisoma ile zawadi vizuri: leo tunapewa njia ndogo, kesho tutaambiwa barabara kubwa haikuwa yetu. Ujerumani haikungoja kesho. Mwaka ule ule wa 1934 sheria yao iliwalazimisha wenye baiskeli kutumia njia za pembeni popote zilipokuwepo. Ilichukua miongo mingi kulegeza hilo, na mwaka 2010 mahakama yao ya juu ya masuala ya utawala ilisema mtu halazimishwi kupita pembeni isipokuwa pale ambapo barabara ina hatari ya kipekee.

Uholanzi ndiyo nchi ambayo kila mtu huitaja, kwa hivyo niitaje pia. Mwaka 1971 zaidi ya watoto 400 waliuawa na magari kule. Wazazi na vijana waliingia barabarani na vuguvugu lililoitwa Stop de Kindermoord, yaani acheni kuua watoto, na miaka hiyo ya sabini serikali ikaanza kubadilisha mkondo. Kitu ninachotamani kutoka kwao ni kidogo sana. Kule, njia ya baiskeli ikifika getini au kwenye barabara ndogo, mara nyingi haishuki. Inaendelea kwa usawa wake, na gari ndilo linalopanda tuta kuivuka. Dereva anahisi kwa tairi zake kwamba ameingia kwa wenyewe. Mholanzi akikaa kwenye njia yake hajafanya uamuzi wowote wa kishujaa. Njia imemfanyia kazi hiyo.

Nasema haya ili nisieleweke vibaya. Njia za baiskeli nazitaka kuliko yule anayenipigia honi. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, na ndani yake iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya barabara iende kwa wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Baadaye, chini ya NMS, Kenyatta Avenue, Wabera Street na Muindi Mbingu Street zilipanuliwa kando zake, na mpaka leo nikifika Wabera mimi hushuka na kukokota baiskeli kwa furaha tu, kwa kuwa ni mahali ambapo mji umekumbuka kwamba watu wana miguu. Halafu mwaka 2022 tukafunguliwa Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na huko juu haturuhusiwi kabisa: si baiskeli, si nduthi, si mguu. Weka hivyo viwili pamoja na utaelewa kwa nini sikubali haraka ninapoambiwa niondoke kwenye lami. Kipande cha lami ninachokalia ndicho kipande cha mwisho ambacho hakijafungwa.

Lakini kuna mtu mmoja anayenipinga, na yeye simjibu ninavyowajibu madereva.

Ofisini kwetu kuna soja, mzee wa miaka hamsini na kitu, anayekuja na Black Mamba kutoka upande wa Kabiria. Ile baiskeli ni nzito kama kitanda, haina gia, na breki zake ni za vyuma. Haingii lami hata siku moja. Nilimuuliza kwa nini.

"Lami siwezi, madam. Mimi nina watoto wanne."

"Na haya mageti, mzee?"

Akacheka. "Saa kumi na moja asubuhi geti gani imefunguliwa?"

Anatoka kwake gizani ili ampokee mwenzake wa usiku saa kumi na mbili kamili. Wakati huo njia ya Ngong Road ni yake na paka. Hakuna mama mboga, hakuna kochi, hakuna pua ya gari. Haendeshi kwa kasi, kwa hivyo akikuta mtu anayetembea wanasalimiana na kupishana. Ile njia inayonishinda mimi saa moja na nusu inamtosha yeye saa kumi na moja. Akitoka jioni, wakati imejaa, anashuka na kusukuma mpaka watu wapungue. Anafika nyumbani akiwa amechelewa na akiwa mzima.

Namfikiria sana kila ubishi huu ukiwaka mtandaoni, kwa sababu huwa hayumo. Tunazungumza kana kwamba mwendesha baiskeli wa Nairobi ni mtu wa kaptula ya kubana anayeenda Karen Jumamosi. Wengi wao ni yule mzee: soja, fundi wa mjengo, muuza mikate mwenye kreti nyuma. Wao hawajawahi kuulizwa wanataka njia ya namna gani. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, Critical Mass Nairobi wanapotoka pamoja, leni nzima inajaa baiskeli na hakuna mtu anayeuliza njia yetu iko wapi, maana tumekuwa wengi kiasi cha kuwa barabara yenyewe. Ni siku nzuri. Jumatatu narudi kuwa mmoja, na mzee wangu anarudi kutoka kwake gizani.

Mwezi wa tano swali lilikuja nyumbani. Mdogo wangu alipata nafasi chuoni, tao. Tuliketi mezani tukapiga hesabu ya nauli, kwenda na kurudi, pamoja na ile inayopanda mvua ikianza tu kunusa. Hesabu haikukubali. Akanunua baiskeli ya mtumba kwa fundi wa hapo mtaani, wakabadilisha breki na cheni, akaileta sebuleni kama mtu aliyeleta mchumba. Kisha akaniuliza, mama akiwa pale anachagua mchele: "Sasa sis, mimi nipite wapi?"

Mkono wa mama ulisimama juu ya uteo.

Yote niliyoyaandika hapa juu ni rahisi kuyasema nikiongea kuhusu mwili wangu mwenyewe. Yule ana miaka kumi na tisa na bado anaamini breki za kila gari hushika. Nikimwambia apite lami na kitu kitokee, hakuna sera ya 2015 nitakayompelekea mama. Nikimwambia apite kando, najua geti lililoniangusha mimi liko palepale na bado linafunguliwa.

Nilimwambia hivi, polepole, na yeye akaandika kwenye simu.

"Naivasha Road asubuhi pita kando na mwendo uwe wa watu. Wakijaa, shuka usukume. Ngong Road, ukiwa umepata mwendo, ingia lami, lakini usikae kwenye ukingo wa mtaro. Kaa mita moja ndani, waone mgongo wako wote. Ukijibana kule mwisho, dereva anadhani kuna nafasi ya kukupita, na hiyo nafasi haiko. Mathree ikisimama, jua mlango utafunguka na mtu ataruka. Usijipenyeze kati ya mathree na steji. Lori likiwasha indiketa ya kushoto kaa nyuma yake, hata kama ni siku ya mtihani. Valley Road ukishuka, shika katikati ya leni, hapo unaenda kasi kama wao. Ukiipanda jioni, rudi kando. Ukichoka, shuka, kusukuma si aibu. Kwenye geti lolote tafuta macho ya dereva. Usipoyaona, yeye pia hajakuona. Giza likikukuta, pitia Hurlingham kwangu twende pamoja. Na wakikuuliza njia yenu iko wapi, inua mkono kama unawashukuru, uendelee."

Alisoma alichoandika. "Kwa hivyo ni lami ama ni kando?"

"Ni pale watakapokuona."

Mama alirudi kwenye mchele. Baada ya muda akasema, bila kuinua kichwa, "Na wewe utakuwa wapi?"

Wiki mbili za kwanza nilitoka naye kila asubuhi. Nilimweka mbele, mimi nikawa nyuma yake, nusu mita zaidi upande wa kulia, ili yeyote anayetaka kumpita aanze kwa kunipisha mimi. Asubuhi ya tatu, tukikaribia Adams, honi ilianza nyuma yetu, moja ndefu isiyokatika. Nilimwona akigeuza kichwa kuangalia kabro, bega limeshaanza kuinama upande huo, na mbele yake palikuwa na geti la petroli stesheni na pua ya gari imetokeza.

"Kaa hapo," nikamwambia. "Usiyumbe."

Akakaa. Yule wa nyuma alipunguza, akahamia leni ya pili, akatupita. Alikuwa ameshusha kioo na alisema mengi, na kidole kilikuwa kikionyesha kule kando.

Jioni mdogo wangu alimsimulia mama yote, honi na matusi, kwa furaha ya mtu aliyetoka vitani. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi na kuuliza kitu kimoja tu: kama huyo mtu alikuwa amewaona.

Nikamwambia ndiyo, alituona.